Viboko Washinda Mezani

Naanza kwa kusema kwamba nchi yetu haina tatizo lolote. Nasema hivyo mapema kwa sababu anayesimulia habari za nchi yetu bila kuanza na maneno hayo hutakiwa kusimulia upya, mbele ya watu asiowajua, katika chumba kisicho na dirisha. Nchi yetu ina amani, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko tunazozikumbuka, na ina ligi kuu ya mpira wa miguu. Haya nitakayoyaeleza yalitokea kwenye ligi. Hayaihusu serikali hata kidogo, ingawa serikali ndiyo iliyoyatenda.

Sisi ni watu wa Lukambo, mji ulioko ukingoni kabisa mwa nchi, kando ya Mto Luwezi. Ng'ambo ya mto ni nchi jirani. Timu yetu ni Viboko FC. Siku hiyo tulikuwa tunacheza na Dola FC, timu ya makao makuu, ambayo mlezi wake ni Wizara, kocha wake yuko kwenye orodha ya watumishi wa Wizara, na mashabiki wake ni makarani wa Wizara wanaopewa ruhusa rasmi ya kuugua siku za mechi.

Sisi tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Hatukuomba makubwa. Mpaka dakika tisini zinakwisha hakuna aliyemfunga mwenzake, na tulikwisha kuanza kukumbatiana. Refa akaongeza dakika. Zile nazo zikaisha, akaona hazijaitosha Dola, akaongeza nyingine. Ndipo ikapigwa kona, na Sostenes akaruka juu ya mabeki wetu wawili, akapiga kichwa, mpira ukamgonga kipa begani na kuingia wavuni.

Kama angefunga mtu mwingine tungelia na kwenda nyumbani. Lakini Sostenes ni wetu. Alikulia Lukambo, akicheza peku nyuma ya soko. Viboko ndiyo iliyomvika viatu vya kwanza, kisha Dola wakaja na gari lenye kiyoyozi wakamchukua. Na mama yake, Bi Theopista, ndiye anayetuuzia chai na vitumbua kwenye banda la kuonyeshea mpira. Sasa mtoto huyo huyo, baada ya kutushusha daraja, alikimbia mpaka mbele ya jukwaa letu, akavua jezi na kuizungusha juu kama mtu anayefukuza nzi. Bi Theopista alikuwa amekaa katikati yetu, kajifunga khanga ya rangi za Viboko. Tulimgeukia sote kwa pamoja. Alikuwa akitazama chini, anatafuta kiatu chake ambacho hakikuwa kimepotea.

*

Jioni ile banda lilijaa, ingawa televisheni ilikuwa imezimwa. Mwenye banda ni Gaudensi Mtawali, fundi redio na katibu wa tawi letu la mashabiki. Ni mtu mnene, mwenye sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti, na mwenye moyo mzuri. Naomba hilo la moyo likumbukwe, kwa sababu baadaye wengi walilisahau.

Mjadala ulianza kama kawaida. Mmoja alisema Sostenes alikuwa ameotea. Akaambiwa hakuna kuotea kwenye kona. Akasema kuna kona na kona. Mwingine alisema refa aliingia uwanjani akitokea kwenye gari la Dola, akajibiwa kwamba marefa wote hutokea kwenye gari la Dola, hilo si jambo jipya. Wa tatu aliapa kwamba aliona kitu kama hirizi kwenye soksi. Hapo Gaudensi akapiga meza.

"Ndugu zangu, acheni hirizi! Nijibuni. Dola walikuwa na wachezaji wangapi wa kigeni uwanjani?"

"Watatu," tukasema. "Yule kipa, yule beki mrefu, na yule wa rasta."

"Na kanuni inaruhusu wangapi?"

"Watatu."

"Sawa. Na Sostenes kazaliwa wapi?"

Hilo hakuna asiyelijua. Lukambo tunayo zahanati, tena nzuri. Imezinduliwa mara nyingi kuliko zahanati yoyote nchini. Kila waziri mpya wa afya huja kukata utepe wake, na mmoja alipokuta utepe umekwisha kukatwa aliagiza ufungwe tena ili aukate vizuri zaidi. Kinachopungua pale ni nesi, dawa, na upande mmoja wa paa. Kwa hiyo tangu enzi za babu zetu wanawake wa Lukambo huvuka mto kwenda kujifungulia kwenye hospitali ya misheni, ng'ambo, kisha hurudi na watoto wao mgongoni.

"Kazaliwa ng'ambo," akasema Gaudensi polepole, akiyaonja maneno. "Nchi jirani. Mimi mwenyewe ndiye niliyempigia makasia mama yake, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa safarini. Sostenes ni mgeni, jamani. Ni mgeni wa nne! Dola wamechezesha wageni wanne!"

Nimesikia kelele nyingi maishani mwangu, lakini ile ilikuwa ya peke yake. Watu walipanda juu ya mabenchi. Mwalimu Salome pekee ndiye aliyebaki amekaa. Huyu anafundisha shule ya msingi na anaujua mpira kutuzidi wengi wetu. Alisubiri kelele zipungue.

"Gaude, na wewe ulizaliwa kule kule," alisema. "Na mimi. Na hawa wote walioko juu ya mabenchi. Na kikosi kizima cha Viboko."

"Mwalimu," Gaudensi alisema kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto, "hapa hatuzungumzii kuzaliwa. Tunazungumzia bao. Sisi tumefunga bao gani?"

"Mgeni ni yule aliyefunga!" alipaza sauti mtu kutoka nyuma, na banda likalipuka kwa makofi. Mwalimu Salome alitaka kusema tena, lakini mwenzake wa benchi alimvuta mkono akamwambia asiwe upande wa Dola. Akanyamaza. Kuitwa mtu wa Dola pale kwetu si jambo dogo.

Katikati ya makofi nilimwona Bi Theopista akiweka birika chini taratibu. Alifunika vitumbua vyake kwa kitambaa, akatoka. Hakukusanya vikombe. Hakuna aliyemwita.

*

Rufaa ikakatwa. Msemaji wa Shirikisho la Mpira alitangaza redioni kwamba Shirikisho limeipokea kwa furaha kubwa, linaisikitikia sana, na litaitendea haki inayostahili bila kujali haki hiyo itaangukia wapi. Nchi nzima ikasimama. Wachambuzi wa redio walioanza kwa kuuliza kama Sostenes alikuwa halali waliendelea kwa kuuliza mgeni ni nani hasa. Mmoja alisema mgeni ni mtu asiyejituma. Mwingine alisema mgeni hutambulika kwa jinsi anavyopokea mpira. Wa tatu, ambaye ni daktari wa falsafa ya michezo, alisema kila mtu ni mgeni mahali fulani, akaondolewa kwenye kipindi hicho na hatujamsikia tena.

Mashabiki wa Dola walisema mpira huchezwa uwanjani, si mezani. Sisi tukawajibu kwamba kanuni ni kanuni. Lilikuwa neno jipya kwetu na tulilipenda. Ukimkuta mtu wa Lukambo sokoni siku zile, ukamsalimia, "Habari za asubuhi?" alikujibu, "Kanuni ni kanuni."

Kitu kimoja tu kilitusumbua: Bi Theopista hakuonekana tena bandani, na chai ya kwingine haikuwa na tangawizi. Tukamtuma Gaudensi akamwombe arudi. Mimi nilimsindikiza. Tulimkuta ameketi kibarazani anachambua mchele.

"Hodi, Mama Sosi," Gaudensi aliita.

"Karibu, Baba Winfrida. Kaeni. Chai sina."

Gaudensi alikaa kwenye kigoda, akajikohoza. "Watu wanaulizia vitumbua."

"Waambie mwenye vitumbua amezaa mgeni."

"Usiseme hivyo, dada yangu. Hizi ni habari za pointi tu. Shirikisho likishatupa pointi zetu, hakuna atakayekumbuka Sosi alizaliwa wapi."

Bi Theopista alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa uani. "Siku ile ndani ya mtumbwi ulikuwa unapiga kasia na huku unaimba, ili nisisikie maumivu. Ulikuwa unaimba vibaya. Mtoto alipotoka ukawa wa kwanza kumwita jina. Leo utakwenda kuwaambia nini wakubwa?"

"Nitawaambia ukweli. Kwani si kweli?"

"Ni kweli kabisa," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Tuliporudi bandani Gaudensi aliwaambia watu kwamba Mama Sosi anaumwa kidogo. Siku hiyo hakuongea sana. Lakini kesho yake redio ilimtaja kwa jina, "shahidi mkuu, Bwana Gaudensi Mtawali wa Lukambo," nasi tukampigia makofi mpaka akatabasamu.

*

Kamati ya Hadhi za Wachezaji iliamua kuja Lukambo yenyewe, na kikao kikapangwa kufanyika kwenye zahanati, kwa kuwa ndilo jengo kubwa lisilo na kazi. Jengo likapakwa rangi. Utepe ukafungwa. Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Wakili Apolinari Bugumba, aliukata kwa mazoea, kisha akauliza jengo hilo ni la nini. Akaambiwa. Akasema ni jambo jema.

Hotuba yake ilikuwa nzuri sana. "Ndugu wananchi," alianza, akatutazama juu ya miwani, "na ninyi wengine ambao bado hatujajua ni akina nani. Mpira ni mviringo. Dunia nayo ni mviringo. Lakini dunia ina mipaka na mpira hauna, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi yangu. Serikali haibagui mtu. Serikali hutenganisha tu, ili kila mmoja abaki mahali pake na apendwe akiwa huko huko." Tulipiga makofi. Mtu akizungumza hivyo huwezi kuacha kupiga makofi. Mikono hujipiga yenyewe.

Gaudensi alisimama kutoa ushahidi akiwa amevaa suti aliyoolea. Aliulizwa kama anamfahamu Sostenes.

"Namfahamu tangu akiwa na kitovu, Mheshimiwa."

"Kitovu hicho kilikatiwa wapi?"

"Ng'ambo, Mheshimiwa. Hospitali ya misheni."

"Una uhakika kwamba mtoto huyo alitokea ng'ambo, wala hakuanza kutokea mkiwa bado majini? Maana mto una nusu yetu na nusu yao."

Gaudensi alifikiri. Niliuona uso wake. Pale, kama angesema hana uhakika, mambo yote yangeishia majini. Bi Theopista alikuwa amekaa safu ya mbele, mikono kapakata, akimtazama bila kupepesa.

"Nina uhakika," alisema Gaudensi. "Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni."

Kisha akaitwa Sostenes. Alikuja amevaa shati jeupe, mrefu kuliko mlango, na aliposimama mbele ya meza alionekana tena kama yule mtoto aliyekuwa akiokota mipira yetu.

"Unasemaje, Bwana Sostenes?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mimi ni mtu wa Lukambo, Mheshimiwa."

"Hatujakuuliza wewe ni wa wapi. Tumekuuliza ulizaliwa wapi."

"Nilikuwa mdogo sana siku hiyo, Mheshimiwa."

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Kamati ikaenda kula mbuzi tuliyemchinja kwa ajili yake, na iliporudi ikatangaza uamuzi: rufaa imekubaliwa. Mtu ni wa mahali alipozaliwa, na yeyote aliyezaliwa ng'ambo ya Luwezi ni mgeni. Dola wamepokwa ushindi. Viboko wamepewa pointi zote tatu mezani. Hatushuki daraja!

Sijui niieleze vipi furaha ile. Tulimbeba Gaudensi juu juu mpaka nje, tukazunguka naye jengo. Sostenes alitoka akipita pembeni ya ukuta, mama yake nyuma yake. Alipofika tulipo alisimama, akamtazama Gaudensi kule juu ya mabega yetu.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

"Marahaba," Gaudensi akaitikia. Mdomo ulijibu kabla yeye hajajua. Nilikuwa nimembeba mguu wa kushoto, nikausikia umekuwa mzito ghafla.

*

Dola hawakukata rufaa dhidi ya rufaa. Tuliwacheka kwa hilo. Mawakili wao waliishukuru Kamati kwa maneno mazuri, wakaomba jambo moja dogo tu: jicho lililomtazama Sostenes liwatazame na washindi.

Tangazo lilisomwa na Mwenyekiti mwenyewe, mchana, tukiwa bandani tunapaka rangi mpya jina la timu. Kamati imebaini kwamba Viboko FC imecheza msimu mzima ikiwa na wageni uwanjani kote, wengine kwenye benchi, na mmoja akiwa kocha. Kwa hiyo inapokwa pointi zote, zikiwemo zile tatu za mezani. Inaondolewa kwenye ligi, kwa kuwa ligi ni ya vilabu vya nchi hii, na inashauriwa itafute ligi ya kwao. "Tunaipongeza Viboko," alimalizia, "kwa uaminifu wake wa kutufungua macho. Klabu chache zina moyo huo."

Yule aliyekuwa akipaka rangi alikuwa amefika kwenye herufi ya tatu. Akauliza kama aendelee. Akaendelea mwenyewe mpaka mwisho kwa sababu rangi ingekauka koponi.

Tulidhani yameishia kwenye mpira. Lakini Idara ya Wakazi nayo husikiliza michezo. Iliona kwamba haifai Shirikisho la Mpira liwe na sheria safi kuliko Idara, ikaichukua ile hukumu kama ilivyo. Lukambo wote tuliozaliwa ng'ambo tukatangazwa kuwa wageni waalikwa, ingawa haikuelezwa nani ametualika. Mwalimu Salome alinyang'anywa somo la uraia. Aliruhusiwa kuendelea na hesabu, kwa kuwa jumlisha na toa hazina taifa. Diwani wetu alijiuzulu kwa kuwa alikuwa mgeni, na akapewa cheti cha shukrani kwa kuitumikia nchi isiyo yake.

Gaudensi alifunga safari mpaka makao makuu ya wilaya kukata rufaa. Karani alimpokea vizuri, akamwambia akae, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, hoja yako ina nguvu," alisema. "Tatizo ni kwamba rufaa ni haki ya raia."

"Lakini mimi nakata rufaa ili nitambuliwe kuwa raia."

"Ndiyo. Ukishatambuliwa, njoo ukate."

Basi tukavuka mto, Gaudensi, Mwalimu Salome, mimi na wazee wengine, kwenda kuwaambia wa ng'ambo kwamba tumekuwa wa kwao. Ofisa wa kule alikuwa mtu mstaarabu, akatukaribisha maji. Alitusikiliza akitikisa kichwa kwa huruma.

"Ni kweli mlizaliwa hapa," alisema. "Majina yenu yako hospitali. Lakini mlizaliwa kama wagonjwa wa nje. Mlikuja, mkapata huduma, mkaondoka. Mtu akizaliwa hospitali, je, hospitali ni kwao? Mtu ni wa kule alikorudishwa akalelewa."

Mwalimu Salome alimtazama yule ofisa, machozi yakamlengalenga. "Hivyo ndivyo tulivyopaswa kusema," alisema. "Siku ile bandani. Ni hivyo hivyo tu."

Gaudensi alikuwa akitazama sakafu. "Ungesema, Mwalimu."

"Nilianza, Gaude."

Tulirudi kwa mtumbwi. Katikati ya mto Gaudensi aliacha kupiga kasia, akatazama ukingo wetu, akatazama ukingo wao, na mtumbwi ukaanza kwenda na maji. Mwalimu Salome akampokonya kasia.

*

Wakati huo Taifa lilikuwa na msiba wake mkubwa zaidi: timu ya taifa haikuwa na mshambuliaji. Ilikuwa inajiandaa kucheza na hao hao jirani zetu, na mshambuliaji pekee mwenye kichwa cha maana alikuwa mgeni kwa hukumu halali. Likatolewa tamko maalumu. Sostenes alipewa uraia wa heshima kwa mchango wake kwa Taifa, na ili mambo yasichanganyike, uraia huo ulihesabiwa kuwa ulianza asubuhi ya ile mechi yetu na Dola. Kwa hiyo bao lake likarudi kuwa halali. Dola wakarudishiwa pointi, wakachukua ubingwa, wakaandamana mjini na kombe.

Basi katika watoto wote wa Lukambo akabaki mmoja tu aliye raia, naye ndiye yule tuliyemkatia rufaa.

Bi Theopista yeye hakuwahi kuwa mgeni. Alikuja Lukambo kuolewa. Alizaliwa mbali huko, katikati ya nchi, ambako hakuna mto wa kuvuka. Sostenes alituma gari lije kumchukua akaishi naye mjini. Siku ya kuondoka, Gaudensi alikwenda kumbebea mizigo bila kuitwa. Alibeba godoro, akabeba jiko, akabeba ndoo ya vyombo, akawa anapanga na kupangua ili kazi isiishe.

"Inatosha, Baba Winfrida," alisema Bi Theopista. "Utaumia mgongo."

"Nisamehe, dada."

Alimtazama usoni. Nilidhani atamtukana, na nadhani Gaudensi alitamani atukanwe. "Nitamwambia Sosi awasemee," alisema.

"Atusemee kwa nani?"

Bi Theopista alifungua mdomo kutaja jina, akatafuta, akakosa. Akaingia garini. Dereva akawasha kiyoyozi, vioo vikapanda.

*

Tukazoea. Mtu huzoea. Tuliletewa Afisa wa Wageni, kijana mpole aitwaye Tuntufye, mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Kila asubuhi alipita sokoni akituuliza kama tunafurahia kukaa kwetu nchini, nasi tukamjibu kwamba tunafurahia. Alikuwa akipenda mpira. Ilipokaribia ile mechi ya Taifa na jirani, aliomba mwenyewe kibali cha wakubwa ili tuangalie, akakipata kwa sharti kwamba awe pamoja nasi.

Siku ya mechi banda lilijaa kama zamani. Gaudensi alirekebisha antena, akakaa mbele. Afisa Tuntufye alisimama mlangoni, kofia mkononi kwa heshima. Timu zikaingia. Ukapigwa wimbo wa taifa letu, na sisi tukawa hatujui tusimame au tukae, tukainuka nusu. Ukapigwa wimbo wa jirani, tukabaki vile vile, magoti yakituuma.

Mpira ulikuwa mgumu. Kila timu yetu ilipopata mpira mtu alitaka kupiga kelele, akamtazama mwenzake, akazimeza. Kila jirani walipopata mpira tulitazamana vile vile. Sijawahi kuangalia mechi nikiwa nimechoka hivyo. 

Ndipo, kipindi cha pili, ikapigwa krosi kutoka kulia. Sostenes alikuwa nyuma ya beki. Akamzunguka, akaruka, akapiga kichwa kuelekea nguzo ya pili, kipa akabaki amesimama.

"Bao!" Gaudensi alikuwa juu ya benchi, mikono hewani, sauti yake inatikisa mabati. "Sosi! Mtoto wetu huyo! Mtoto wetu! Mimi ndiye niliyempa jina!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Nasi sote tukainuka, hatukuweza kujizuia, hata Mwalimu Salome, tukawa tunapiga kelele na kukumbatiana kama watu wenye nchi.

Afisa Tuntufye alikuja mbele polepole. Hakuwa amekasirika, alionekana mwenye haya. Alipunguza sauti ya televisheni. 

"Mzee Gaudensi," alisema, "naomba uniwie radhi. Ni lazima niulize, ndiyo kazi yangu. Unashangilia kama nani?"

Gaudensi alimtazama kutoka juu ya benchi. Alifungua mdomo. Sisi sote tulimgeukia, tukisubiri, maana jibu ambalo angelipata yeye ndilo lingekuwa letu. Kwenye televisheni wachezaji walikuwa wamemlalia Sostenes kwenye kona ya uwanja, haonekani. Gaudensi akafunga mdomo. Akajaribu tena. Akatazama mikono yake, iliyokuwa bado hewani, akaishusha mmoja mmoja.

Kijana alisubiri kwa adabu, tena kwa muda mrefu kuliko kanuni inavyomruhusu. Kisha akavaa kofia yake.

"Basi, wazee wangu," alisema, "kaeni kwanza."

Hakusema mpaka lini. Tukakaa.